Alikula Ua

Katindiuka, Ifakara
Jumapili, 17 Machi 2024

Mdogo wangu mpendwa Beno,

Shikamoo yako nimeipokea, ingawa hujaituma. Huu ni mwezi wa pili hunisalimii kwa simu wala kwa mtu, basi nimeamua kujisalimia mwenyewe kwa niaba yako na kuitikia: marahaba, Mungu akukuze. Habari za Makambako? Habari za baridi? Nasikia huko watu wanavaa masweta hata mchana, na wewe uliondoka na mashati mawili na ile suruali ya kulimia. Unakula nini? Nani anakufulia? Kifua chako kimetulia, au vumbi la mbao limekianzisha tena? Ukijibu barua hii jibu maswali yote, usichague.

Sisi huku hatujambo. Mama yupo, mguu unamsumbua mvua zikikaribia, lakini ukimwambia akae chini anakuuliza wewe ni daktari wa wapi. Kila Ijumaa tukitoka kwenye Njia ya Msalaba ananiuliza kama umepiga. Namwambia mtandao wa Makambako ni mbaya. Hilo ni la kwanza katika ya kuungama, na yapo mengine.

Barua hii nampa Clinton, yule anayekwenda na treni kununua viazi huko kwenu. Ndiye aliyetuambia kwamba amekuona kwenye karakana ya mbao. Usimkasirikie. Nakuandikia kwenye karatasi kwanza kwa sababu simu hupokei, na pili kwa sababu habari yenyewe inahusu neno moja lililoharibika kwenye simu. Safari hii nataka liandikwe lote. Najua tabia yako ya kusoma barua kuanzia mwisho. Nakuomba safari hii uanze huku juu, tushuke pamoja.

Nikukumbushe kidogo, maana nimegundua kwamba kila mtu anayo yake anayoikumbuka. Jumapili ile ya Epifania ng'ombe wa Mzee Jilala walikula kipande cha ua wako, ule wa mabua na matete uliouzungushia nyumba hadi karibu na mfereji. Uliwafukuza huku ukipiga kelele, na watu waliokuwa wakitoka kanisani walikusikia ukisema kwamba siku moja watakula wanachokitafuta. Jumatatu ukapulizia dawa ya mchwa kwenye ua huo huo. Jumanne asubuhi Mzee Jilala akawafungua maksai wake wawili wapumzike baada ya kulima, wakaenda kuchunga kando ya mfereji. Jumatano Bwana Shamba hakutaka kusimama. Ijumaa akafa.

Mpaka leo nikiandika jina hilo nacheka na kuumia kwa pamoja. Ni Mzee Jilala peke yake duniani anayeweza kumwita maksai Bwana Shamba, kwa sababu eti anajua udongo kuliko yule wa ofisini. Nusu ya mpunga wa mtaa huu ulipandwa nyuma ya kwato zake, na wako ukiwemo. Ninyi wawili mlikuwa mkila sahani moja, yeye akikufundisha kusalimia "mwangaluka" kwa Kisukuma na wewe ukimfundisha kula samaki ngogo. Ndiyo maana jambo lile liliuma namna ile.

Kwenye mkutano wa mtaa, walipokutuhumu kwamba umemwekea sumu kwenye ua, ulijitetea. Ulisema mabua yaliyopungua yaliliwa Jumapili kabla hujapulizia dawa. Ulisema dawa uliyotumia ilikuwa kidogo, na kwamba kopo lipo chini ya upenu, limejaa karibu lote, waende walione. Wakaenda na bwana mifugo, kopo wasilione. Ndipo Mwenyekiti Faustin akatoa simu yake akasoma ujumbe wa Salha wa dukani, ambaye alikuwa ameshapanda basi kwenda kumuuguza mama yake Kilwa. Alisoma mara mbili, kwa sauti ile anayoitumia kusoma matangazo: "Nilimuona kwa macho yangu maksai wa Mzee Jilala akila ua pale mferejini. Nipo safarini. Salha."

Hakuna aliyeuliza ni ua gani. Kwa nini tuulize? Pale mferejini kuna ua mmoja tu, na ni wako. Mzee Jilala akasimama, akasema hataki fidia wala kesi, amekusamehe. Watu wakampigia makofi. Wewe ukaniangalia mimi, na mimi nikaangalia khanga yangu. Ulipotoka nje ulimwambia Mama kwamba bora angekudai kuliko kukusamehe kwa kosa ambalo hukulifanya. Siku ya pili hukuwepo.

Sasa sikia. Mwishoni mwa Februari Salha akarudi. Mama yake hajambo. Nikaenda dukani kufuata sukari, lakini kusema kweli nilikwenda na maneno yangu mdomoni. Nilimwambia kwamba ujumbe wake umemfukuza ndugu yangu, kwamba Mama hali vizuri, na kwamba mtu akiwa safarini aangalie safari yake. Akaacha kupima sukari. Akauliza ujumbe gani. Nikamwambia ule wa ng'ombe kula ua wa Beno. Akanitazama kama nimemsemesha Kijerumani.

"Dada Kandida," akasema, "mimi nilisema ua. Ua la kunusa. Nani kasema ua wa Beno?"

Beno, nilikaa juu ya gunia la mchele. Nikamwomba aeleze taratibu. Akaeleza kwamba Jumanne ile asubuhi akisubiri basi alimwona Bwana Shamba kando ya mfereji, kwenye majani, akitafuna fungu la maua mazuri mno ambayo hajapata kuyaona Ifakara, na moja likining'inia mdomoni kama amejipamba kwenda harusini. Alitaka kushuka mferejini akaokote la kumpelekea mama yake, basi likapiga honi. Aliposikia njiani kwamba maksai anaumwa na wewe unashukiwa, akaandika alichokiona, na kwa kuwa simu ilikuwa inazimika, akaandika kifupi. Alikuwa anakutetea. Alidhani akisema mnyama alikula ua, watu watatafuta ua lenyewe.

Unanijua. Baba alikuwa akisema nimezaliwa na "kwa nini" mkononi. Tangu siku hiyo sikutulia. Nilimuuliza Salha rangi. Akasema jekundu, pembeni njano, na vidole vyake vimejikunja vyote kurudi nyuma, kama masikio ya mbuzi anayekataa kukamatwa. Nikashukuru, nikaondoka bila sukari.

Kwanza nilikwenda kwa bwana mifugo. Alidhani nimekuja kwa ajili ya kuku. Nikamuuliza: mnyama aliyekula dawa ya shambani anakufaje? Akaniambia mara nyingi haichukui muda, ni saa chache tu, anatetemeka, anatoa povu, anaanguka. Nikamuuliza: na anayeharisha damu siku tatu akiwa amelala, akili zake timamu, anamwangalia mwenye mali?  Akasema hata yeye hilo lilimsumbua, ila hakuweza kuandika chochote kwa uhakika, maana alihitaji kuona lile kopo, dawa ilikuwa ya aina gani na imetumika kiasi gani. Akaniuliza kama liliwahi kupatikana. Nikamwambia hapana.

Kisha nikaenda Mang'ula, kwa Gasper, yule anayewapandisha wageni milimani. Baba yake alifuga mbuzi. Alinipeleka hadi kwenye shamba la migomba chini ya mlima, nje ya hifadhi, usije ukanitia kesi nyingine. Likawepo, Beno. Limebaki moja la mwisho la msimu. Mmea wenyewe ni mwembamba, hauwezi kusimama peke yake, ila ncha ya kila jani imejisokota na kushika chochote kilicho jirani, jani la mgomba, kijiti, hata nyasi. Nilishika ncha moja nikajiuliza inajuaje pa kushika. Gasper akachimba kwa panga akanionyesha kiazi chake, kimepinda kama kiwiko, kizuri kabisa, ungesema kinafaa kuchemshwa. Akasema humo ndimo sumu ilimolala nyingi zaidi, na inatosha kumlaza mnyama mkubwa, hata mtu. Baba yake alikuwa akikiona anakichimba na kukifukia mbali.

Nikamuuliza kwa nini basi wanyama wa huko wako hai. Akasema kikiwa kibichi wengi wanakinusa na kukiacha, wamekizoea. Hatari ni kikikatwa na kunyauka, harufu inapotea, na kikiwa kimechanganyika na majani mengine mnyama mwenye njaa hachagui. Nikauliza tena, na maksai aliyetoka kulima tangu alfajiri? Akasema huyo ndiye hachagui kabisa.

Sasa utauliza, na ni haki yako: ua la Mang'ula lilifikaje mferejini kwetu? Njia nzima ya kurudi nilijifanya najiuliza swali hilo, wakati jibu nilikuwa nalo tangu dukani kwa Salha.

Nililileta mimi. Kabla ya Noeli nilikwenda Mang'ula kwenye ubatizo wa mtoto wa Dativa, nikayaona maua hayo yamewaka kandokando ya mashamba, na zamu ya kupamba pango la Noeli ilikuwa yetu. Nilichimba mimea mizima na viazi vyake, nikaiweka kwenye ndoo ya udongo ili yasinyauke mpaka Epifania. Unakumbuka watu walivyosifia. Hata Padre aliuliza nani kayaleta, na mimi nikajifanya sisikii ili aulize tena. Sikukuu zilipokwisha, Jumatatu ile ile, nikalibomoa pango. Wangekuwa akina mama wengine wangeyatupa shimoni nyuma ya kanisa, yakaisha. Lakini mimi, dada yako mcha Mungu, nikasema maua yaliyonyunyiziwa maji ya baraka hayawezi kutupwa pamoja na pampasi na mifuko ya maandazi. Kuchoma sikuweza, mvua ilikuwa imeyalowesha. Nikatafuta mahali safi ambapo mtu hapakanyagi, nikayalaza kwa heshima yote, na viazi vyake, kwenye majani mabichi kando ya mfereji. Nikafanya na ishara ya msalaba.

Sisi tuliokulia kwenye mpunga hatukufundishwa kuangalia jani kwa macho ya ng'ombe. Si kwamba najitetea. Nilivyokwenda kwa Mzee Jilala na lile ua kwenye mfuko, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nilikuwa nayataka. Alilitoa, akaligeuzageuza, akalinusa, akavunja kiazi akakitazama ndani. Nikamweleza yote, la Salha na la pango na la mfereji. Akavirudisha vipande vya kiazi mfukoni.

"Mkulima akiona jani anauliza kama ni gugu," akasema. "Mimi nauliza kama linalika. Wewe mwanangu uliuliza kama ni zuri."

Akaniuliza kama Mwenyekiti anajua. Nikamwambia bado. Akasema twende wote.

Mkutano uliitishwa Jumamosi iliyopita. Mwenyekiti Faustin alisoma tena ujumbe ule ule, Salha akiwa amesimama pembeni yake, na alipofika kwenye "akila ua" Salha akadakia, "la", akiwa na maana ua la, siyo ua wa. Watu wakacheka. Kisha nikasimama mimi nikaeleza, na hakuna aliyecheka tena.  Mzee Jilala akaomba kusema. Akasema mwezi wa kwanza alitoa msamaha mbele ya watu wote hawa, na leo anauchukua tena, maana haukuwa na mahali pa kukaa. "Beno hakunikosea," akasema. "Mimi ndiye nitakayemwomba yeye." Mwenyekiti naye alisema angepaswa kuuliza, na akaandika hivyo kwenye daftari la mkutano kwa mkono wake, nimeona. Hivyo jina lako limerudi, limenyooka, na watu wanalitaja kwa kuinamisha macho kidogo, ambayo nadhani ni haki yao kuyainamisha kwa muda.

Ningeweza kuishia hapa. Habari ni nzuri, na la maua wameshanisamehe mtaa mzima. Lakini lipo moja ambalo sikulisema mkutanoni, kwa sababu si la mkutano. Ni lako.

Lile kopo lilikuwepo chini ya upenu kama ulivyosema. Nililitoa mimi. Ijumaa ile maksai alipokufa, nilikuja kwako wewe ukiwa umekwenda kumpa pole Mzee Jilala, nikaliona, nikalitia chini ya khanga, nikaenda kulitumbukiza chooni kwangu. Nilihisi uzito wake, Beno. Lilikuwa limejaa. Sikutaka kuuliza kwa nini limejaa, mimi ambaye nauliza mpaka ncha ya jani inajuaje pa kushika. Nilikuwa nimeshaamini kwamba umefanya. Nilidhani nakuokoa. Ulipowaambia waende walione kopo, na wakarudi mikono mitupu, nilijua kwamba aliyesema kweli pale ni wewe, na anayekufanya uonekane mwongo ni mimi. Ningeweza kusimama. Badala yake nikajiambia labda lilikuwepo kopo la pili. Ulivyoniangalia, ndipo nilipoangalia khanga.

Kwa hiyo maua yalimuua Bwana Shamba, na hilo lilikuwa bahati mbaya. Lakini lililokufukuza nyumbani ni mimi kukudhania vibaya kwa moyo mweupe kabisa. Mzee Jilala alikuwa na msamaha wa kurudisha. Mimi sina wa kurudisha, ninao wa kuomba tu, na nauomba. Nimeungama kwa Padre, akanipa sala za malipizi, nikamwambia ni chache. Akasema zilizobaki nitapewa na ndugu yangu.

Shamba lako usiwe na wasiwasi nalo. Mzee Jilala aliazima maksai mwingine kule Mchombe akalilima mwenyewe mwanzoni mwa mwezi huu, nilipokwisha kumweleza, na tukapanda mimi na Mama. Tumechelewa, lakini miche imeshika. Maksai mpya anayemfundisha amempa jina lako. Nilipomuuliza kama si kukosa adabu akasema anafaa, ni mchapakazi ila anaondoka bila kuaga.

Sasa ni Kwaresima, altare haina hata ua moja, na kwa mara ya kwanza nashukuru. Maua ya Pasaka nimepewa tena mimi. Nilikataa, akina mama wakagoma. Ila Mzee Jilala, ambaye hajawahi kukanyaga kanisani, amesema siku hiyo atakuja mapema ayakague yote kabla hayajaingia.

Njoo uone kioja hicho. Pasaka ni tarehe thelathini na moja, treni unazijua. Ua wako, ule wa mabua, nimeuziba wote kwa matete mapya, sikupulizia kitu. Nimeacha wazi pale tu unapoingilia wewe.

Mama anakusalimu, anasema usisahau sweta moja la kwake. Salha anakusalimu na kuahidi kwamba kuanzia sasa ataandika ujumbe mrefu. Msalimie na fundi wako hapo karakana, mwambie ana bahati ya kukaa na mtu mkweli. Jibu likiwa zuri au baya, liandike kwa mkono wako, nitalisoma kuanzia juu.

Ni mimi dada yako, ambaye siku ile ulimwangalia naye akaangalia khanga,

Kandida